Akidi Amejifunza Kungoja

Nakawa, Kampala,
Jumapili, tarehe 17 Novemba 1974.

Mpendwa shemeji Saverio,

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii, na zangu mimi Nasike, mke wa mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichokitaja mara ya mwisho kimekwisha. Je, kazi kwenye kinu cha pamba bado ipo? Unalala vizuri? Unakula? Mwanamume anayejipikia mwenyewe ana tabia ya kunywa chai jioni na kusema ameshiba, nakufahamu shemeji, kwa hiyo ukisoma hapa weka barua chini kwanza ule kitu.

Sisi hatujambo. Santo ni mzima, isipokuwa mgongo unamkamata akiinama sana kule karakana. Mwanetu Ojok sasa anatembea, na chochote kilichoko chini ya meza ni chake. Mama yenu Anena alikuja kutoka Gulu mwezi wa nane akakaa nasi mpaka akachoka na kelele za mjini. Uvimbe wa mguu wake umepungua. Alikuombea kila jioni kwa sauti ya chini, na kila alipofika kwenye jina lako alilimeza, kwa sababu kuta hapa ni nyembamba.

Mvua zimekuwa nzuri. Sukari na sabuni ni vitu vya kusikia kwamba vimefika mahali fulani, ukikimbia huko unakuta vimekwisha, lakini ndizi na viazi vitamu bado viko sokoni Kalerwe, na karanga tunaletewa kutoka kwenu. Hatulali njaa.

Barua hii haipiti posta. Ataileta Oketch, yule jirani yetu Mjaluo fundi cherehani. Anakwenda kwao Kisumu kununua vitambaa, na kutoka huko ataitia katika bahasha nyingine aitume kwako Musoma. Kwa hiyo leo naandika bila kuzungukazunguka. Ukishaisoma, usiihifadhi.

Nataka kukueleza habari za binti yako.

Mwanzoni mwa mwaka uliandika ukiomba tutafute njia ya kumvusha Akidi aje kwako. Baadaye ukaandika kwamba kuna daktari huko misheni aliyekwambia zipo dawa za Ulaya za kumtuliza mtoto wa namna yake, na ukauliza kama uzitafute. Sikukujibu lolote kati ya hayo mawili. Najua uliumia ukadhani tunakuficha kitu. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Sasa ninalo, lakini lazima nianzie mbali kidogo.

Ulipokimbia, Waacholi walipoanza kutafutwa, alikuwa na miaka minane, na marehemu mama yake Rosalba alikuwa ameshamzoea, wewe pia. Mimi nilimpokea bila kujua. Nilidhani ni huzuni. Nikimtuma maji bombani, namwona amefika nusu ya njia, ameweka ndoo chini, anafuata siafu. Akianza kufagia, ufagio unabaki mlangoni na yeye yuko kwa Mama Owino, mke wa Oketch, anakanyaga cherehani. Kitabu akikifungua, miguu inacheza chini ya meza, halafu mikono, halafu yeye mwenyewe hayupo. Viatu vya shule alipoteza kimoja kimoja, kamwe si viwili kwa pamoja. Na mdomo! Kilichoingia kichwani kilitoka papo hapo. Alimwambia padri mbele ya watu kwamba mahubiri yamekuwa marefu. Padri alicheka, lakini si kila mtu ni padri.

Tulimchapa, Santo na mimi. Alilia, akaomba msamaha kwa moyo wote, na kabla machozi hayajakauka alikuwa amefanya jambo lile lile. Shuleni waliandika kwamba akili anayo ila hataki, na kwamba asipobadilika watamrudisha nyumbani.

Halafu ikatokea siku ile ya mwezi wa pili. Mwalimu wao anaitwa Rukiah, mama wa Kinubi kutoka Bombo, na kaka yake ni mwanajeshi, jambo ambalo kila mtu hapa analijua. Alikuwa anafundisha habari za ziwa, akauliza darasa, nani anajua mji ulio ng'ambo, upande wa Tanzania. Akidi hakungoja kutajwa. Alisimama juu ya benchi akasema, "Musoma! Baba yangu yuko Musoma!"

Shemeji, katika darasa lile kuna watoto wa askari, na wa watu ambao hatujui kazi yao.

Mwalimu Rukiah hakushtuka. Alimtazama akasema kwa sauti ya kuchoka, "Akidi, nimeuliza mji. Sikuuliza ulichoota jana. Shuka hapo." Watoto wakacheka, akaendelea na ramani yake. Lakini shule ilipofungwa alikuja nyumbani kwetu, amemshika Akidi mkono, akakaa kwenye kiti cha Santo bila kungoja kukaribishwa. Nilipoona sare ya mtoto na ushungi wa mwalimu pamoja, nilikwenda kwanza kufunga mlango.

"Mama Ojok," aliniambia, "mtoto huyu hana ubaya hata kidogo. Ila mdomo wake unatangulia, yeye anafuata nyuma. Zamani tungecheka tu. Siku hizi hilo si jambo dogo."

"Nifanye nini, mwalimu? Fimbo tumemaliza."

"Fimbo tuiache. Kuna daktari wa watoto ninayemjua hospitalini. Twende."

Alituongoza mwenyewe, mimi, Santo na mtoto. Mimi niliogopa kwamba labda anatupeleka mahali pengine, na nilipoona tumefika hospitali kweli, niliona haya kwa mawazo yangu.

Yule daktari alikuwa kijana, mtu wa Toro, mpole. Hakutoa sindano wala kipimo cha damu. Alimpa Akidi karatasi achore, akampa vizibo vya chupa avipange kwa rangi, akamwacha azungukezunguke chumbani huku anazungumza nasi. Mwisho akasema, "Si mtundu, si mjinga, na hakuna aliyemroga. Sisi tukikaa hapa, sauti yangu mnaisikia, ile toroli ya nje hamuisikii. Yeye vyote viwili vinamfikia sawasawa, pamoja na nzi aliye dirishani. Hawezi kuchagua. Na kitu kikimjia, hana mahali pa kukiweka kabla hakijatoka."

Santo akauliza dawa. Daktari akasema zipo nchi za nje, wengine zimewafaa, hapa hazipatikani, na hata kama zingekuwepo kabatini kwake angetuomba kwanza tujaribu haya mengine. Alisema kungoja kunaweza kufundishwa kama kushona kunavyofundishwa. Watoto wengi hujifunza wenyewe bila sisi kuona. Huyu inabidi afundishwe kidogo kidogo, kila siku, kwa mchezo, na akifaulu asifiwe palepale, si kesho. Akamgeukia Santo. "Na fimbo, mzee, inamfundisha kukuogopa. Haimfundishi kitu kingine."

Tulipofika barabarani Santo akasema, "Daktari hii haina mutoto nyumbani."

Lakini mimi nilianza. Nilikuwa nimeona uso wa Mwalimu Rukiah akisema si jambo dogo.

Kitu cha kwanza kilikuwa kubadilika mimi mwenyewe, na hakuna aliyenionya kwamba hicho ndicho kigumu. Mimi ni Mbukusu, nimelelewa na mama aliyetoa amri kutoka jikoni hadi shambani bila kuinua kichwa. Nilikuwa nikimwambia Akidi, nenda bombani, ukirudi osha vyombo, mbebe mtoto, na usisahau kitabu chako. Daktari alinikataza. Alisema nimfuate alipo, nimguse bega, nimtazame machoni, nimwambie jambo moja. Akilimaliza, namshukuru, ndipo nampa la pili. Nilijiona kama mjinga, nakimbia huku na huku kumtafuta mtoto ili nimtume. Lakini maji yalianza kufika nyumbani.

Kabla ya vitabu anatoka kukimbia hadi ukuta wa kiwanda na kurudi, au anatwanga karanga kwenye kinu mpaka jasho limtoke. Nilidhani atachoka asisome. Kumbe mwili ukishafanya kazi nzito, kichwa nacho kinakubali kukaa. Anasoma kidogo, anainuka, ananyoosha miguu, anarudi. Sikatai tena kama anasoma amesimama. Mtu anaweza kujua hesabu akiwa wima.

Jioni tunacheza. Naweka vitu kwenye sinia, kijiko, kifungo, kitunguu, ufunguo, anavitazama, nafunika kwa kitambaa, naondoa kimoja, anatafuta kilichokosekana. Mwanzo alikuwa akifunua kabla sijamaliza kufunika. Sasa ananishinda, na Mama Owino pia, na Mama Owino hapendi kushindwa.

Mwalimu Rukiah naye alimhamisha akamkalisha mbele, mbali na dirisha, na akampa kazi ya kugawa madaftari na kufuta ubao, ili apate sababu ya kuinuka bila kugombezwa. Wiki za mwanzo walimu wengine walimsema kwamba anamdekeza Mwacholi. Mwalimu aliendelea kumpa madaftari agawe.

Kuhusu Santo, ngoja nikwambie, maana najua yeye hatakuandikia. Alitutazama kwa muda mrefu kama mtu anayetazama wageni. Halafu Jumapili moja alirudi kutoka kanisani na ngoma ndogo ya kwaya. Unajua yeye ndiye anayepiga ile kubwa. Alimketisha Akidi mbele yake akamwambia, "Mimi naimba. Wewe hapana piga. Nikimaliza kabisa, wewe piga moja." Basi. Huo ndio ulikuwa mchezo wao. Akaimba beti nzima, na mtoto akapiga katikati. Akaanza upya. Akapiga tena katikati. Mimi nikiwa jikoni nilingoja makelele. Santo aliweka tu kiganja chake juu ya ngozi ya ngoma, akakiacha hapo kidogo, akaanza tena wimbo mwanzo.

Walifanya hivyo kila jioni wakati wa mvua zile ndefu. Siku aliyopiga mahali pake, Santo alicheka mpaka akajifuta macho, na Ojok akaogopa akalia. Tangu siku hiyo sijaona fimbo ndani ya nyumba. Sijui aliipeleka wapi, na sikumuuliza.

Jambo la mdomo ndilo lililochukua muda zaidi. Daktari alisema tuupe mkono wake kitu cha kufanya, ili neno lipate kukaa kidogo kabla halijatoka. Akidi mwenyewe ndiye aliyechagua. Anagusisha kidole gumba na vidole vingine, kimoja baada ya kingine, taratibu, na anapofika kidole cha mwisho ndipo anajiuliza kama neno lile ni la kusema. Tulifanya mazoezi kwa maswali ya upuuzi. Santo anamuuliza, "Kuku iko na meno?" naye anagusa vidole vyake, uso umekaza kama hakimu, kisha anajibu. Tukicheka anacheka, na bila kujua alikuwa anajifunza kitu kilicho kikubwa kuliko kuku.

Sitaki udhani amepona kama mtu anayepona malaria. Wiki iliyopita aliacha bomba wazi, uwanja mzima ukawa tope. Alimpiga kibao mtoto wa jirani kwa sababu ya kalamu. Zipo siku mimi mwenyewe huingia chumbani nikafunga mlango, nikauma kanga ili nisipige kelele. Baada ya siku kama hizo huwa mpole sana, anakuja ananilalia magotini, urefu wote ule, miguu inaning'inia.

Mwezi wa tisa tulirudi hospitali na Mwalimu Rukiah kumwonyesha daktari jinsi anavyoendelea. Akidi alibeba mchoro wa kumpa. Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa, na jina limeondolewa. Nilimuuliza muuguzi, akaniambia, "Hayupo," akaendelea kukunja mashuka. Mwalimu Rukiah alinishika mkono, tukaondoka. Sijui kama amekimbia au vipi. Kila nikimtazama mtoto, namwombea yule kijana awe amekimbia.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwezi uliopita, Jumapili baada ya misa, Santo alikuwa nje anatengeneza baiskeli, mikono imejaa grisi. Mimi nachambua mchele, Akidi ananisaidia. Gari dogo jeupe likaja likasimama mbele ya nyumba yetu, wakashuka wanaume watatu waliovaa mashati ya maua na miwani myeusi, kama wanavyovaa watu wa usalama. Uwanja uliokuwa umejaa watu ukabaki mtupu. Hata kuku waliondoka, nadhani.

Walimsalimu Santo vizuri. Waliuliza kazi yake, kabila lake, walitaka kujua kama ana ndugu. Santo alisema mama yake yuko Gulu. Mmoja akaingia ndani kupekua, wa pili akabaki na Santo. Wa tatu alikuja kwangu, akachuchumaa mbele ya Akidi, akatabasamu.

"Wewe mutoto," akamwambia, "baba yako iko wapi?"

Shemeji, nilimwona Akidi akifungua mdomo. Nakijua kile kinywa. Nilijua neno lililo nyuma ya meno yale, lilikuwa limesimama pale tayari, na mimi nisingeweza kumgusa bega, nisingeweza hata kukohoa. Nilitazama ungo wangu. Mchele wote niliuona kama mtu anaona kitu kwa mara ya mwisho.

Kisha nikaona mkono wake, ule uliokuwa ndani ya mchele. Kidole gumba kilikuwa kinatembea.

"Nakuuliza, baba iko wapi?"

"Baba yangu ndiye huyu hapa," akasema, akamwonyesha Santo. "Anatengeneza baiskeli."

Yule mtu akamtazama Santo, akamtazama mtoto. Ninyi ndugu mmefanana, na mtoto amewafuata, asante Mungu, ile pua na yale masikio. Akauliza tena, "Huyu ndio baba yako?"

"Ndiyo. Baba Santo." Na hapo nilidhani imekwisha, lakini subira ya binti yako ina mpaka wake, akaongeza upesi, "Miwani yako, ukivaa, jua linakuwa la kijani?"

Nilitaka ardhi ifunguke. Yule mtu alicheka, shemeji, akacheka kama kijana wa kawaida tu. Akavua miwani akamvisha. Akidi akageuza kichwa juu, akatazama jua, akasema, "La kahawia!" Yule mtu alikuwa na macho madogo yaliyochoka, sawa na macho ya kaka zangu. Alichukua miwani yake, akawaita wenzake. Walichukua redio ya Santo na mtungi wetu wa mafuta ya taa. Mmoja alisema watapita siku nyingine kutusalimu. Wakaondoka.

Santo alikaa chini pale pale kwenye vumbi, na spana mkononi.

Akidi alitapika. Nilimwosha uso, nikamlaza. Alinishika kanga akaniuliza, "Mama, nimemkana baba?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia kwao ndugu wa baba ni baba, kwa hiyo hakusema uongo.

Alifikiri. "Lakini yule mtu alikuwa anamuulizia yule mwingine," akasema.

Nilimshika tu mpaka akalala.

Nimelieleza hili lote kwa sababu niliona lazima ulisikie kutoka kwangu, si kutoka kwa mtu mwingine. Binti yako alimwita mtu mwingine baba mbele ya watu wale, na alilisema vizuri, na tangu siku hiyo ameendelea kumwita hivyo, ili ulimi uzoee. Kama itakuuma, nakuomba maumivu hayo uyabebe bila kumwonyesha. Alikuwa anakulinda wewe, na Santo, na sisi sote, kwa vidole vyake vile vidogo.

Sasa majibu yako. Kuhusu dawa, sisemi ni mbaya. Huyo daktari wa misheni mwonyeshe mtoto mwenyewe kwanza, mweleze yote niliyoandika hapa, halafu msikilize. Lakini usimpe kidonge kwa kuogopa tu, na usiache haya mengine hata kama atapewa.

Kuhusu kumvusha. Ulipoomba mwanzoni nilikataa moyoni kwa sababu njiani kuna vizuizi vingi, kila mahali askari wanauliza watoto, na mdomo ule usingefika hata Jinja. Leo nasema anaweza. Santo hakutaka. Siku nyingi alisema, "Akae. Hapa iko kwao." Lakini wale watu walisema watapita tena, na wakati ujao huenda atakayechuchumaa asiwe mwenye kupenda kucheka. Juzi Santo alirudi kutoka kazini akanikuta nalia juu ya nguo za mtoto, akasema mwenyewe, "Aende kwa baba yake." Kisha akatoka nje.

Shule zikifungwa mwezi ujao, Mama Owino anakwenda kwao kwa Krismasi na watoto wake. Akidi atapanda naye basi la Busia, avuke mpaka kama mmoja wao. Kijaluo chake ni kizuri, kinakaribiana na chenu, na Mama Owino amemfundisha majina ya nyumba yake yote. Uje Kisumu, Oketch atakueleza ni wapi. Usije mpakani, hata ukiwa na hamu namna gani.

Akifika, mguse bega kabla ya kumwambia neno. Jambo moja kwa wakati mmoja. Akikosea mara kumi mwanzishe wimbo mwanzo kama Santo. Akifaulu mwambie palepale, hata kama ni kitu kidogo kama kufunga mlango, kwa sababu watu wamemwambia makosa yake tangu alipojua kutembea. Mtafutie mwalimu mwenye moyo kama wa Mwalimu Rukiah, umwendee siku ya kwanza umweleze, usingoje aitwe mjeuri. Usimpige. Naomba hilo kama mama yake, kwa sababu mimi ni mama yake pia. Na kama siku za mwanzo atanyamaza, au atakuita mjomba, usihuzunike. Ulimi tuliuzoesha jambo moja, unahitaji muda kuzoea jingine.

Mama Anena anakusalimu. Santo anakusalimu, ingawa hajui kwamba nimeandika kuhusu machozi yake ya ngoma. Ojok anakusalimu kwa mikono yenye uji. Oketch na Mama Owino, na Mwalimu Rukiah ambaye hamjuani, wote wanakutakia heri. Nisalimie wenzetu wote wa huku walioko huko, bila majina.

Nilikuwa nafunga barua, Akidi ameingia na kunikuta. Hakuuliza naandika nini, amekuwa mkubwa kiasi hicho. Ameuliza tu kama huko kwa baba kuna mahali pa kukimbia. Nimemwambia ndiyo, kuna uwanja mkubwa kandokando ya ziwa, na hakuna mtu atakayemgombeza. Sijawahi kufika Musoma, shemeji. Tafadhali usinifanye mwongo.

Mungu akuweke salama mpaka siku utakapomshika mkono.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama ndugu wa tumbo moja,

Nasike, mama wa Ojok na wa Akidi.